Mluzi Usiojibiwa

Katika kichaka cha Itigi mtu haonekani hatua kumi mbele yako. Miti si mirefu, lakini imebanana, na matawi yake yanaanzia chini. Anayeingia kurina asali anamwona mwenzake pale tu wanapoingia. Baada ya hapo anamsikia.

Kwa sababu hiyo warina asali wa ukoo wa Chediel walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja alikuwa na mluzi wake. Alipewa na baba yake akiwa mtoto, na hakuubadilisha mpaka kufa. Mluzi wa Chediel ulikuwa mmoja mrefu na miwili mifupi. Wa mdogo wake, Fredrick, ulikuwa mifupi miwili inayopanda na mmoja mrefu unaoshuka. Ukitaka kumwita mtu hupigi mluzi wako. Unapiga wake. Yeye akisikia anaurudia mara moja. Hapo unajua yuko wapi, na unajua yu hai.

Dorkas, mke wa Chediel, alijifunza miluzi hiyo alipoolewa. Wanawake wa pale hawakuzoea kuingia kichakani. Dorkas aliingia kwa sababu sikio la kushoto la mume wake lilikuwa limekufa. Siku nne za wiki Chediel alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, mahali wanapolipua mwamba kupata kokoto. Alikuwa msaidizi wa mlipuaji. Kwa miaka sita hakuziba masikio. Alisema vizibo vinamwasha. Sasa mluzi ukitoka kushoto alidhani umetoka kulia, na Dorkas alifuatana naye ili asipotee.

"Shemeji, wewe ni mke au ni sikio?" Fredrick alikuwa akimtania.

"Sikio halibebi ndoo," Dorkas alikuwa akijibu, na kumpa ndoo abebe yeye.

Hayo yalikuwa kabla Fredrick hajaondoka. Miaka miwili iliyopita mnunuzi wa asali kutoka pwani, mtu mnene na mpole aliyekuja kwa treni kila baada ya wiki chache, alimtafutia kazi katika boti ya uvuvi. Fredrick hakuwa ameona bahari hata siku moja. Mama yao, Martha, alimuuliza ataogeleaje. Fredrick alisema ameajiriwa kuvuta kamba, si kuogelea.

Alirudi mwezi wa Novemba. Dorkas ndiye aliyekwenda kumpokea stesheni. Fredrick alishuka na begi kwenye mkono wa kushoto. Shati lake lilikuwa la mikono mirefu. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa pini, kwa sababu mkono wake uliishia kwenye kifundo.

Dorkas alimsalimu. Fredrick alimtazama mdomo.

"Sisikii, shemeji," alisema. Alisema kwa sauti kubwa mno, watu wa stesheni wakageuka. "Ongea polepole, nione mdomo."

Nyumbani alieleza kwa maneno machache. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Injini ya boti ililipuka. Alilazwa miezi miwili. Masikio yote mawili yameharibika na daktari amesema hayatarudi.

Martha alisikiliza mpaka mwisho. Alisubiri Fredrick ageuke kunawa uso. Kisha akapiga mluzi wa mwanawe, mifupi miwili inayopanda na mmoja mrefu unaoshuka. Meno yalikuwa machache, na mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Mara ya pili ulitoka sawa. Kuku walitawanyika. Fredrick aliendelea kunawa kwa mkono mmoja. Martha alipiga mara ya tatu, akangoja, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Dorkas alikuwa akimtazama Chediel. Aliona jambo moja. Mume wake hakumuuliza mdogo wake swali lolote. Hakuuliza ni boti ya nani, wala injini ya aina gani, wala nani alimpeleka hospitali. Alisema tu kwamba mnunuzi atakuja na treni ya Ijumaa, na ndoo lazima ziwe tayari.

Mnunuzi huyo kila alipokuja alichukua ndoo sita. Tano zilijazwa na Dorkas. Ya sita ilifungwa kitambaa chekundu kwenye kishikio chake, na Chediel aliijaza mwenyewe. Alikuwa amesema ina asali ya nyuki wadogo, ambayo ni ya dawa, na haitaki kuguswaguswa. Dorkas aliamini, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoamini.

Jumatano Chediel alipokuwa machimboni, Dorkas alifungua ndoo ya kitambaa chekundu. Juu palikuwa na masega, kina cha vidole vitatu. Chini ya masega palikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko aliona vijiti vinane vilivyofungwa kwa karatasi, vichupa vyembamba vya bati na tambi ya kuwashia iliyokunjwa. Alikuwa amepeleka chakula machimboni mara nyingi. Alijua anachokiona. Alirudisha mfuniko taratibu, akanawa mikono mara mbili.

Chediel aliporudi jioni, Dorkas alimuuliza vitu vile ni vya nini.

"Vya samaki," Chediel alisema.

"Samaki wa wapi wanaokula baruti?"

Chediel alikaa. Alieleza bila kujitetea, kama mtu anayeeleza namna ya kupanda mtama. Ni mabaki, alisema. Wakijaza mashimo ya kulipulia, mara kijiti kimoja kinabaki, mara viwili, na hakuna anayehesabu. Anavificha katika mzinga mkavu kule kichakani mpaka vitoshe ndoo. Pwani wanavitupa baharini, samaki wanaibuka, wanaokotwa. Hakuna anayeumia.

"Maji yanameza sauti," alisema. "Hujawahi kuzamisha kichwa lamboni? Watu wanapiga kelele ukingoni, wewe uliye chini husikii kitu. Baruti ya baharini ni kama mtu kukohoa ndani ya blanketi."

"Na Fredrick?"

"Fredrick ni injini."

"Umemuuliza?"

Chediel alimgeuzia sikio la kushoto. Hivyo ndivyo alivyomaliza mazungumzo siku zote.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya mama Eliza. Binti yake, Amne, alisomea mambo ya bahari na kuajiriwa katika boti ya utafiti huko kusini mwa pwani. Wakati huo alikuwa likizoni, akimwuguza mama yake. Majirani walimtania kwamba analipwa kusikiliza umbea wa samaki. Amne alikuwa akiwajibu kwamba pomboo na nyangumi si samaki. Wanapumua hewa kama sisi, wanazaa, wananyonyesha. Umbea wao, alisema, ni mdogo kuliko wa Itigi.

Alhamisi asubuhi, kama saa nne, Dorkas alikwenda kwake. Aliuliza kwa kuzunguka. Alitaka kujua kijiti kimoja cha baruti kikilipuka majini kinatoa sauti kiasi gani.

Amne aliweka kikombe chini. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza swali moja tu.

"Kiko mbali na watu?"

"Viko vinane," Dorkas alisema. "Viko jikoni kwangu."

Amne alisimama. Alisema watu wote watoke katika nyumba ile na mtu asirudi ndani. Mtu asiiguse ndoo, asiisogeze, asiwashe moto karibu nayo. Baruti iliyokaa vibaya haitabiriki, na kazi ya kuishika ni ya wataalamu. Kisha akasema polisi lazima wapigiwe simu leo.

Dorkas alimwomba amwache mume wake aende mwenyewe. Akipelekwa na watu, alisema, atasema tu kwamba wamemwonea. Akienda kwa miguu yake itakuwa amejua alichofanya.

Amne alitazama saa.

"Mpaka saa sita mchana," alisema. "Ikifika saa sita hajaenda, napiga mimi. Ndani ya saa hizo hakuna anayeingia mle ndani, hata kuchukua kijiko."

Walimtoa Martha na kiti chake. Walimtoa Fredrick. Walikwenda wote nyuma ya mji, kwenye birika la saruji la kunyweshea ng'ombe. Chediel alikuwa huko na ng'ombe wake wawili. Siku hiyo haikuwa ya kazi machimboni. Alipowaona wamekuja wote, pamoja na Amne, alielewa. Alimtazama mke wake.

Amne alimwamkia Martha kwanza, kisha akamgeukia Chediel, akamwita kwa jina la binti yake.

"Baba Loyce, nimesikia unasema maji yanameza sauti. Birika hili lina urefu wa hatua kumi. Nina ombi dogo, halafu utafanya unavyotaka. Zamisha sikio lako zima majini."

Chediel alicheka kidogo. Alisema hajawahi kuosha masikio mbele ya kadamnasi. Lakini alipiga magoti mwisho mmoja wa birika, akalaza kichwa upande wa kulia mpaka sikio na taya vikawa ndani ya maji. Amne alimwambia Dorkas aende mwisho wa pili na kuita. Dorkas aliita jina la mume wake kwa sauti ya juu.

"Hafifu sana," Chediel alisema. "Si nilisema?"

"Sasa subiri hivyohivyo."

Amne alimpa Dorkas mawe mawili, kila moja saizi ya yai. Dorkas aliyazamisha na kuyagonganisha chini ya maji, si kwa nguvu. Mara moja, mara ya pili.

Chediel aliinua kichwa upesi. Maji yalimchuruzika shingoni.

"Umegonga nini?"

Dorkas alimwonyesha mawe.

"Niligongewa ndani ya kichwa," Chediel alisema.

Amne alimwambia asikilize tena, safari hii akiwa amesimama. Dorkas aligonga vilevile. Juu ya maji kilisikika kitu kidogo tu, kama kuku anayedonoa debe.

"Hapo ndipo unapokosea," Amne alisema. "Na si wewe peke yako. Sauti ya hewani ikifika kwenye maji, karibu yote inarudishwa juu na uso wa maji. Inayoingia ni kidogo mno. Ndiyo maana lamboni hukusikia watu wa ukingoni. Lakini sauti iliyozaliwa ndani ya maji inabaki ndani. Haimezwi. Hewani sauti inakwenda kama mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Majini inakwenda kama mita elfu moja na mia tano, zaidi ya mara nne. Nayo inafika mbali kuliko hewani. Sauti nene za nyangumi wakubwa zinaweza kusikika kwa wenzao mamia ya kilomita. Ni kama mtu kuita akiwa hapa akajibiwa Dodoma."

Fredrick hakusikia maneno haya. Alikuwa ameona mawe, na alikuwa ameweka kiganja cha kushoto kwenye ukuta wa birika. Alimwashiria Dorkas agonge tena. Dorkas aligonga.

"Naisikia hapa," Fredrick alisema kwa sauti yake kubwa, akiangalia kiganja.

Amne alikitazama kiganja. Alisema pomboo naye anapokea sauti hivyo, si kwa tundu la sikio. Anaipokea kwa mfupa na mafuta ya taya ya chini, na kutoka hapo inapelekwa kwenye sikio la ndani.

Kisha alieleza kazi yake. Baharini, alisema, mwanga hauendi mbali. Mara nyingi mnyama hamwoni mwenzake hata hatua ishirini. Kwa hiyo wanaishi kwa sauti. Pomboo anatoa milio midogo, mikavu kama ya kugonga, mingi kwa sekunde moja. Milio hiyo inagonga samaki au mwamba na kurudi, naye anajua kitu kiko wapi na kina ukubwa gani. Nyangumi wenye nundu wanafika pwani yetu kutoka kusini ya mbali, kati ya Julai na Novemba, kuzaa na kupandana. Madume yanaimba. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika ishirini, kisha unaanza upya, na madume ya eneo moja yanaimba wimbo uleule. Mama mwenye mtoto haimbi. Anatoa sauti ndogo, ya karibu, inayofika kwa mtoto na si mbali zaidi.

"Na kuna miluzi," Amne alisema. "Pomboo akiwa mdogo anajitengenezea mluzi wake. Hachukui wa mwingine. Anakaa nao miaka na miaka. Wakitengana, kila mmoja anapiga wake ili wenzake wajue aliko. Na wale wa karibu sana, kama mama na mtoto, wakati mwingine mmoja anaiga mluzi wa mwenzake kumwita. Mwenyewe akiusikia, anajibu kwa kuurudia."

Chediel alikuwa akifuta shingo. Aliacha.

"Unatuambia ya kwetu," alisema.

"Nawaambia yaliyorekodiwa. Kufanana na ya kwenu sikukupanga mimi."

Chediel alisema vizuri, wanapiga miluzi. Lakini samaki ni chakula, na watu wa pwani nao wana watoto. Amne hakubishana na hilo. Alisema baruti inapasua kifuko cha hewa ndani ya samaki, na wengi wa waliokufa hawaibuki. Wanazama, hawaliwi na mtu. Matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki, yanavunjika na kuwa kokoto, na hayarudi kwa miaka mingi. Mvuvi wa baruti anakula leo pamoja na kesho.

Kisha akatoa simu.

Yeye na wenzake wa boti walikuwa wameteremsha kinasa sauti cha chini ya maji, alisema, mwezi wa Agosti, tarehe kumi na nne. Alibonyeza. Kwanza ulitoka mvumo, kama upepo kwenye mtama mkavu. Halafu milio midogo, mikavu. Halafu mluzi, mwembamba, unaopanda na kukatika. Mwingine tofauti ukaujibu. Martha aliinua uso.

"Wawili hawa tulikuwa tunawaona," Amne alisema. "Jike na mtoto wake. Mtoto hakuwa amefikisha mwaka."

Miluzi iliendelea kama dakika nzima, mmoja na mwingine, mmoja na mwingine. Kisha simu ilipiga mshindo mmoja mkavu. Chediel alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameusikia mshindo ule kila siku ya kazi kwa miaka sita.

Baada ya mshindo hapakuwa na kitu. Mvumo peke yake. Kisha mluzi mmoja ulirudi, ule wa kwanza. Ukanyamaza. Ukarudi.

"Zima," Dorkas alisema.

Amne hakuzima.

"Sitawaambia kwamba analia," alisema. "Sijui pomboo anaona uchungu wa namna gani. Ninachojua ni hesabu. Mluzi uleule ulirudiwa mara thelathini na moja ndani ya dakika kumi na mbili. Ule wa mtoto haukusikika tena. Mlipuko wa karibu unaua. Ukiwa mbali kidogo unaharibu sikio la ndani. Pomboo asiyesikia hapati chakula, hampati mama, hajui mwamba uko wapi. Ni kipofu na kiziwi kwa pamoja. Mtoto yule hatukumwona tena. Siku hiyo tulihesabu milipuko saba."

Simu ilionyesha sauti kwa mistari. Miluzi ilikuwa mistari myembamba iliyopinda. Mlipuko ulikuwa ukuta mweusi kutoka juu mpaka chini. Fredrick alikuwa amesogea. Aliweka kidole kwenye ukuta ule.

"Tarehe ngapi?" aliuliza.

Amne alimwonyesha kwa vidole. Kumi na nne. Mwezi wa nane.

"Ndiyo siku yangu," Fredrick alisema.

Amne alisema polepole, ili Fredrick aone mdomo, kwamba haiwezi kuthibitishwa kuwa ni mlipuko huohuo. Pwani ni ndefu. Fredrick aliitikia kwa kichwa, kwamba ameelewa. Kisha akasema yaliyobaki. Hakumtazama kaka yake. Alimtazama ng'ombe.

"Hakukuwa na injini. Walinipa niwashe mimi, kwa sababu natoka kwenye mji wa machimbo. Wakadhani najua. Tambi nzuri inaungua taratibu, unaitupa, unakaa. Ile moto wake uliruka mpaka mwisho. Nilikuwa bado nimeishika."

Alishika pini ya shati lake.

"Ilikuwa na nta. Niliinusa kabla sijaiwasha. Ilinuka mzinga. Nikajua ni ya kwetu. Nikafurahi."

Ng'ombe mmoja aliinama akanywa.

Martha aliuliza Fredrick amesema nini kuhusu mzinga. Alikuwa amesikia vizuri. Aliuliza ili mwanawe mkubwa aseme mwenyewe.

"Niliificha kwenye mzinga mkavu, mama," Chediel alisema. "Msimu wote wa mvua. Ikapata unyevu."

Martha alimjibu kwa Kigogo, maneno mawili au matatu. Dorkas, ambaye alizaliwa Kinampanda na alikijua Kigogo nusunusu, hakuuliza maana yake.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Chediel aliangalia kivuli cha birika, si saa. Alifungua kamba ya ng'ombe mkononi mwake, akamkabidhi Dorkas. Alisimama mbele ya Fredrick na kufungua mdomo, ili mdogo wake asome. Midomo haikutoa neno. Fredrick alimtazama mpaka akachoka kumtazama, kisha akageukia ukuta wa birika.

Chediel alikwenda kituo cha polisi kwa miguu. Hakupitia nyumbani.

Polisi walikuja na mtaalamu alasiri. Nyumba sita za jirani ziliondolewa watu mpaka ndoo ilipotolewa. Siku ya pili baruti iliyobaki katika mzinga mkavu nayo iliondolewa, na Chediel ndiye aliyeonyesha njia. Ijumaa mnunuzi mnene na mpole alishuka kwenye treni kama kawaida. Alikutwa na ndoo mbili alizochukua stesheni nyingine. Zote mbili zilikuwa na masega juu.

Chediel alifungwa. Mahakama ilizingatia kwamba alijisalimisha na kutoa ushahidi. Bado alifungwa, na miaka yake si michache. Machimboni stoo iliwekwa kufuli mbili, na sasa vijiti vinahesabiwa na watu wawili vinapotoka na vinaporudi. Wafanyakazi wanavaa vizibo vya masikio, na asiyevaa hapangiwi kazi siku hiyo. Dorkas aliposikia hilo alihesabu kwa vidole. Miaka sita ilikuwa imepita.

Msimu uliofuata wa nyangumi Amne alituma ujumbe kutoka kwenye boti. Mwaka uliopita walirekodi milipuko sitini na miwili katika eneo lao. Mwaka huu ilikuwa kumi na tisa. Aliongeza kwamba wamekamatwa wengi, si mnunuzi wa Itigi peke yake, na kwamba kumi na tisa si sifuri. Kuhusu jike la Agosti alisema wamelirekodi tena. Mluzi wake ni uleule. Halina mtoto.

Mwanzoni Fredrick hakutaka kuingia kichakani. Asiyesikia mluzi mle ndani ni mtu aliyekwisha potea, alisema. Dorkas alifikiria kiganja kilichowekwa kwenye ukuta wa birika. Alichukua kamba ya ng'ombe, akaiunga na nyingine mbili. Ncha moja alimfunga Fredrick kiunoni, nyingine akaishika yeye. Akavuta, mara mbili fupi na moja ndefu.

Fredrick aliweka mkono kwenye kamba. Alielewa mara moja. Naye akavuta, fupi mbili na moja ndefu.

Tangu hapo wanarina hivyo. Dorkas anapanda, kwa sababu ana mikono miwili. Fredrick anatangulia kutafuta mizinga, anawasha mwenge wa moshi, anabeba. Kamba ikikaa kimya muda mrefu Dorkas anavuta mluzi wa shemeji yake, na kamba inajibu. Watu waliwacheka, kwamba Mama Loyce anachunga shemeji kama ndama. Loyce, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, aliwaambia ndama huyo anamlipia ada. Waliacha.

Fredrick hakuwahi kwenda gerezani kumwona kaka yake. Dorkas hakumwomba aende. Jina la Chediel halikutajwa kati yao mwaka mzima.

Mwezi wa Juni, wakati wa mavuno makubwa, walikuwa ndani kabisa ya kichaka. Dorkas alikuwa juu ya mti. Kamba ilivutwa mkononi mwake. Ilivutwa mara moja ndefu na mara mbili fupi.

Dorkas alidhani Fredrick amekosea. Alingoja. Kamba ilivutwa tena, ndefu moja, fupi mbili. Haukuwa mluzi wa Fredrick. Ulikuwa wa Chediel. Aliishika kamba na hakujua ajibu nini, kwa sababu anayeitwa hakuwapo.

Jumanne, siku ya kutembelea wafungwa, alimweleza Chediel. Alikaa upande wake wa kulia, ili asikie. Chediel alisikiliza. Kisha aliweka kidole kwenye meza kati yao, akagonga. Mara moja, akakiacha kidole kikae. Halafu mara mbili, upesi.

"Mpelekee," alisema.

Dorkas alirudi Itigi kwa basi la mchana. Fredrick alikuwa uani akitengeneza mwenge. Dorkas alichukua kiganja chake cha kushoto, akakifungua, akagonga kama alivyogongewa. Fredrick alikitazama kiganja. Alikifunga.

"Treni ya Jumanne inapita saa ngapi siku hizi?" aliuliza. Alijaribu kusema kwa sauti ndogo, na safari hii ilikuwa karibu sawa na ya watu wengine.